Jibu la Chongo kwa Jina la Shungi

Mimi Kondo nimekuwa katibu wa kamati ya fukwe kijijini kwetu kwa miaka sita, na mwandiko wangu ni mzuri. Nalisema hili mapema kwa sababu mwandiko huo huo ndio ulioandika jina la Bi Zuhura kwenye daftari la waliovunja amri ya mwamba. Nililipigia mstari chini kwa wino mwekundu, nikajiona nimefanya kazi. Habari ninayotaka kuisimulia ni ya binti yake, Mwahija, aliyenitia haya nikiwa mtu mzima wa miaka hamsini na nne.

Kijiji chetu kiko nusu saa kwa bodaboda kutoka Kilwa Masoko, kama dereva hana papara. Tuna miamba mitatu ya pweza: Chongo, Kibuyuni na Shungi. Kila mwamba una zamu yake ya kufungwa miezi mitatu, na katika miezi hiyo hakuna ruhusa ya kutia fimbo humo. Kisha, siku ya bamvua, maji yakitoka mpaka mbali, tunaufungua na kijiji kizima hushuka. Pweza aliyeachwa akue miezi mitatu anabebwa kwa mikono miwili. Kwa wanawake wachokoaji, wanaowatoa pweza mashimoni kwa fimbo, siku hiyo ni sikukuu. Hutoka na kanga mpya, na mtu aliyeolewa mbali kule Mtama hurudi kwao siku mbili kabla ili asipitwe.

Zamani tulitangaza kwa mbiu. Mpiga mbiu wetu alikuwa na sauti nzuri lakini miguu mivivu, akiishia msikitini anarudi nyumbani, na nyumba za ng'ambo ya mikoko zikabaki gizani. Isitoshe, tarehe zilibadilika kufuata maji na maneno ya kamati, na kamati yetu ina maneno. Ndipo Mwahija aliposema atatengeneza ukurasa wa kufungua kwenye simu. Unabonyeza jina la mwamba, unaambiwa WAZI au IMEFUNGWA.

Huyu Mwahija ana miaka ishirini na sita, mfupi, maneno yake mbio mbio, mbishi kama mama yake. Alisoma kompyuta miaka miwili chuoni Mtwara, akarudi na kompyuta ya mkononi iliyokwishatumika, isiyo na kibonyezo cha herufi K. Akitaka kuandika jina langu hubonyeza kidude cha mpira kilichobaki pale. Anatengenezea watu kurasa za mtandao: nyumba ya wageni ya Masoko, duka la dawa la Mtanda kule Lindi, na wengine asiowajua hata sura. Ukimuuliza ataolewa lini, anakujibu akimaliza hitilafu hii. Hitilafu haziishi.

Ukurasa wake wa kwanza ulitutoa jasho. Tulikusanyika kuutazama, mwenyekiti wetu Mzee Abilahi akabonyeza Chongo kwa heshima zote, na skrini ikaandika maneno mawili ya Kizungu. Mzee akakaza macho.

"Objekti Promisi," akasoma. "Huu ni mwamba gani? Mbona kamati haijaujadili?"

Mwahija alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akaomba radhi, akaeleza. Lugha aliyoandikia, JavaScript, haipendi kukaa bure. Ukiituma ikaulize kwa seva, ile kompyuta ya mbali inayotunza habari zetu, haisimami mlangoni kungoja. Inapiga hodi, halafu inaendelea na shughuli nyingine.

"Kwa hiyo, babu, usipoiambia isubiri mpaka isikie karibu, inaingia ndani na viatu," alisema. "Mimi nilisahau kuiambia. Ilichokuandikia hapo ni kwamba imeuliza tu, jibu bado."

Akaongeza neno moja kwenye maandishi yake, await, na tangu hapo ukurasa ukawa unangoja jibu kabla ya kusema. Tulimpigia makofi. Mpiga mbiu akastaafu kwa furaha.

Sasa mama yake. Bi Zuhura hakupelekwa shule. Aliyepelekwa ni kaka yake, na wala hakusoma. Alipofika miaka hamsini na nane, Mwahija alimkalisha kibarazani akamfundisha herufi kwa kutumia ukurasa ule ule. Alianza na majina ya miamba mitatu, kisha WAZI, kisha IMEFUNGWA, ambalo lilimchukua wiki mbili. Baada ya hapo hakuna aliyepumzika. Alisoma pakiti za chumvi. Alisoma ubavu wa basi la Lindi likiwa limeshaondoka, akalimalizia kwa kukisia. Siku moja nilikuwa nimevaa fulana ya bure niliyopewa miaka ile ya kampeni, akanisimamisha njiani akanisomea kifuani, silabi kwa silabi: "La-la nda-ni ya cha-nda-ru-a." Akaniuliza, "Unalala?" Nikajibu ndiyo, bi mkubwa, nalala. Alifurahi kama kaandika yeye.

Mwaka huu, asubuhi moja ya bamvua, mlinzi wetu Yunusu alimkuta Bi Zuhura katikati ya Shungi akiwa na pweza watatu kwenye kikapu. Shungi ilibakiza siku kumi na tano kufunguliwa. Alimleta kwenye banda la kupimia, kanga imelowa mpaka magotini, watu wakajaa.

"Simu imesema wazi," alisema Bi Zuhura.

Nilitoa simu yangu mbele ya watu wote. Nikabonyeza Shungi, nikangoja kwa utaratibu. IMEFUNGWA. Nikamwonyesha. Mtu mmoja nyuma akasema, "Bi Zuhura kasoma kwa kuotea," na watu wakacheka. Nami nilicheka, si sana, lakini nilicheka. Leo ningelipa kitu kizuri kukirudisha kicheko kile kooni.

Bi Zuhura aliitazama skrini yangu muda mrefu, midomo ikienda kimya kimya. Kisha akasema, "Labda macho yangu."

Kanuni yetu ni moja: ukikamatwa mwamba umefungwa, siku ya ufunguzi hushuki. Nikaandika. Nimeshawaambia kuhusu wino mwekundu.

Adhabu yenyewe aliichukua kiungwana. Lililowashtua wa kwao ni jingine: aliacha kusoma. Mwahija alimletea pakiti ya chumvi, mama akaipindua maandishi yaangalie chini akaendelea kupika. Alimpa simu, akairudisha. "Nimezeeka, mwanangu. Kusoma ni kwenu," alisema. Mwahija aliniambia baadaye kwamba angeona bora mama amtukane.

Akaanza kuusaka ukurasa wake. Alibonyeza Shungi, akangoja, IMEFUNGWA. Akabonyeza tena. Alifanya hivyo mara mia mbili, kibarazani, jikoni, kwenye vichanja vya kuanikia dagaa ambako mtandao ni mzuri. Kila mara IMEFUNGWA. Akasoma maandishi yake mstari kwa mstari, hakuona kosa. Siku ya tatu, anasema, aliamka akajikuta anaamini kwamba mama yake kweli alisoma vibaya. Aliona uchungu, kwa sababu mwalimu wake alikuwa yeye mwenyewe.

Siku ya nne alikuja jirani yao Hafsa kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Akakaa mkekani, na kwa kuwa kesho yake maji yalikuwa bado yanatoka vizuri, akatoa simu aangalie miamba. Bi Zuhura alikuwa anapepeta mchele karibu yake. Mwahija, macho yamechoka na kompyuta, akawa anatazama tu kidole cha Hafsa. Kidole kikabonyeza Kibuyuni. Hapo hapo, skrini imeinamishwa upande wa pili, kikabonyeza Chongo.

"Shangazi Hafsa, mbona umebonyeza mara mbili?"

"Nani? Mimi? Kidole kimeteleza."

Kidole cha mtu aliyechokoa pweza miaka ishirini hakitelezi. Mwahija alingoja mgeni aondoke na mbuzi yake, akamgeukia mama.

"Mama, siku ile ya Shungi ulibonyeza mara ngapi?"

Bi Zuhura akaendelea kupepeta mpaka hakuna pumba iliyobaki. "Mara mbili," akasema. "Chongo kwanza. Kisha Shungi. Haraka."

"Kwa nini?"

"Hafsa alikuwa amekaa hapa."

Mliokulia bara mtanisamehe, hapa panahitaji maelezo. Mchokoaji ana mashimo yake anayoyajua, na shimo la pweza ni siri ambayo hata mume haambiwi. Ukimuuliza mwanamke wa hapa leo anashukia wapi, atakutajia mwamba mwingine, na wewe utajua kwamba si huo, na hakuna atakayesema amedanganya. Ni adabu ya kazi. Simu zilipokuja, adabu ikahamia vidoleni. Jirani akichungulia, unabonyeza kwanza mwamba usioutaka, aondoke nao, kisha haraka unabonyeza wako. Wanawake wote walifanya hivyo, na kila mmoja alidhani ni ujanja wake peke yake. Sisi wanaume wa kamati tusiochokoa tulibonyeza mara moja tu. Na Mwahija, tangu utotoni maji ya chumvi yanamtoa vipele, hakuwahi kuwa mchokoaji.

Alikuja kunichukua nyumbani nikiwa na kijiko cha uji mdomoni.

"Shikamoo, mjomba. Njoo ushuhudie kitu. Njoo na simu yako."

"Marahaba. Nikimaliza uji."

"Uji utapoa, ndiyo. Twende."

Tulishuka mpaka pale wachokoaji wanapokaa kungoja maji, ambapo mtandao unakuja na kuondoka utakavyo wenyewe. Akaniambia nibonyeze Chongo na Shungi, haraka, moja juu ya nyingine. Nikabonyeza. Sawa tu. Nikabonyeza tena. Sawa. Mara ya tano nikaanza kumwambia kuhusu uji wangu. Mara ya tisa jina likaandikwa Shungi, chini yake IMEFUNGWA, nikafungua mdomo kumwambia umeona, na mbele ya macho yangu neno likabadilika. Shungi: WAZI.

Mwahija alipiga yowe moja, akaziba mdomo kwa viganja viwili, akaanza kulia. Nilimuuliza analia nini, si kosa limepatikana?

"Mama alisoma sawa, mjomba," alisema. "Alisoma sawa sawa!"

Alipotulia akanichorea mchangani. Maswali mawili yametoka, la Chongo mbele, la Shungi nyuma. Yeye alikuwa ameliambia kila swali lingoje jibu lake, na lilingoja kweli. Lakini hakuna aliyeahidi kwamba majibu yatarudi kwa foleni. Mtandao ukiwa mgonjwa, la Shungi linaweza kutangulia, la Chongo likakwama njiani, kisha likafika limechelewa, likakuta mlango wazi, likajiandika chini ya jina lililopo. Ukurasa haukuliuliza, wewe jibu la nani?

"Na Chongo ilikuwa wazi," nikasema.

"Chongo ilikuwa wazi."

Nitasema nililolifanya baadaye, maana nikilificha hadithi haina maana. Nilimwambia arekebishe kimya kimya. Nilimwambia, mwanangu, watu wakisikia ukurasa umekosea hawatauamini tena, na kamati tutaonekana wajinga, tumemhukumu mtu kwa simu mbovu. Nilisema kamati. Nilikuwa namaanisha mimi.

Alinitazama kwa ile hasira ya watu wafupi. "Nikirekebisha kimya kimya, mama yangu atakufa akijua hajui kusoma. Itisha kikao, mjomba."

Nikaufyata, nikaitisha kikao.

Kurekebisha kwenyewe kulimchukua asubuhi moja. Kila swali linalotoka analipa namba. Jibu likirudi linaulizwa namba yake, na kama si ya swali la mwisho lililobonyezwa, linatupwa. Ukibonyeza jina jipya, neno la zamani linafutwa papo hapo, panaandikwa SUBIRI. Sekunde kumi zikipita bila jibu, au mtandao ukikatika, ukurasa unakiri wenyewe: jibu halijafika, usishuke. Na chini ya IMEFUNGWA akaongeza siku ya kufunguliwa. Nilimuuliza kwa nini hakuweka haya tangu mwanzo. Akajibu kwamba alidhani watu huuliza swali moja, wakangoja.

Kikao kilikaa Alhamisi baada ya swala ya alasiri, kwenye banda la kupimia pweza, siku mbili kabla ya ufunguzi wa Shungi. Wanawake walijaa kuliko kawaida. Mwahija alisimama akasema kosa ni lake, si la mtandao wala la mama yake. Akaeleza majibu yanavyopishana njiani. Mzee Abilahi alisikiliza kwa makini, ameinamisha kichwa.

"Nimekuelewa," akasema. "Lakini lazima mtu abonyeze miamba miwili kwa pupa. Nani hapa anafanya jambo kama hilo?"

Wanawake thelathini na zaidi wakawa wanatazama mizani. Hafsa alikuwa anahesabu boriti za paa. Mwahija akamtazama mama yake, kisha akatazama chini. Siri hiyo haikuwa yake kuitoa. Niliona jambo lote linaanguka pale pale. Bila mtu wa kusema, tulikuwa na binti anayemtetea mama yake, basi.

Bi Zuhura akainuka, akajifunga kanga vizuri.

"Mficha uchi hazai," alisema. "Ni mimi. Nilibonyeza Chongo ili Hafsa aone Chongo, kisha nikabonyeza Shungi, nilisikia huenda mmeifungua mapema. Nilimficha mwenzangu. Hilo ndilo kosa langu, na hilo niandikeni."

Hafsa akaacha kuhesabu boriti. "Kumbe siku ile ulikuwa unanidanganya!"

"Ndiyo."

"Na mimi nikashuka Chongo kukufuata, nikakukosa!" Akasimama na yeye. "Haya, na mimi hubonyeza miwili. Kila siku. Na huyu Mwanaidi hapa hubonyeza yote mitatu."

Banda likapasuka kwa kicheko na kelele, huyu akimnyooshea kidole yule, mikono ikiinuka mmoja baada ya mwingine, mpaka Mzee Abilahi akagonga mizani kwa ufunguo. Aliitazama ile mikono. Akasema kamati imefunga miamba miaka sita na haikuwa ikijua watu wake wanaulizaje njia. Kisha akanigeukia. "Katibu. Daftari."

Nikafungua ukurasa ule. Nikakata jina lake, na pembeni nikaandika kwamba Bi Zuhura alisoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa ndicho kilichokosea. Wino ulikuwa ule ule mwekundu, sina mwingine. Mara hii mwandiko haukuwa mzuri.

Nilidhani tumemaliza. Lakini alipokuwa anataka kukaa, sijui kilichonisukuma, nilibonyeza Chongo na Shungi kwa pamoja kwenye simu yangu, nikaipeleka mpaka alipo, nikamshikisha.

"Tusomee, bi mkubwa."

Akairudisha mkono. Mwahija alikuwa ameshika mdomo. Nikaisogeza tena, na Bi Zuhura akaipokea, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Su-bi-ri," akasoma.

Tukasubiri. Mtandao ulikuwa kama kawaida yake, na watu wote wale, wenye watoto na wenye vyungu jikoni, walikaa wakimtazama mwanamke aliyeshika simu. Mtoto mmoja akaanza kulia, akanyamazishwa. Kisha mwanga wa skrini ukabadilika usoni mwake.

"Shu-ngi," akasoma. "I-me-fu-ngwa." Akavuta pumzi, kidole kikifuata chini. "I-ta-fu-ngu-li-wa Ju-ma-mo-si."

Hakuna aliyecheka. Nilimwambia samahani, bi mkubwa, upepo umepita sikusikia vizuri, hebu rudia. Akanitazama, akarudia, safari hii bila kuvunja neno hata moja, na kwa sauti iliyofika mpaka kwa wale waliosimama nje.

Hapakuwa na upepo. Nilikuwa nimesikia vizuri sana.